Gawio la Kampuni: Ni Faida ya Biashara au ni Riba?



Darsa yetu ya mara hii imetokana na barua. Ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa, ambaye kwa miaka kadha ameketi Uriri kwa biashara ya nguo na vyombo vya nyumbani, ametuandikia juu ya jambo lililomshughulisha yeye na nduguze tangu alipofariki baba yao mwaka wa 2018. Mzee yule, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa miongoni mwa watu walionunua hisa za Safaricom mwaka wa 2008, na aliacha kiasi cha hisa elfu mbili. Tangu kufa kwake hapana aliyezishughulikia. Ami yao amewaambia ya kwamba fedha zile ni riba, kwa kuwa huja zenyewe kila mwaka pasi na mtu kutoa jasho, na ya kwamba ni afadhali ziachwe huko huko ziliko. Mama yao ni mjane, na ndugu yao mdogo angali shuleni. Anauliza: je, asemayo ami ni kweli? Na hilo gawio ni kitu gani, latoka wapi, na hulipwa kwa njia gani?

Mwisho wa barua ameongeza maneno ambayo sisi twaona yana uzito sawa na suali lenyewe. Uriri ni mji mdogo katika kaunti ya Migori, kwenye barabara kuu itokayo Kisii ikapita Rongo na Awendo na kuelekea Isebania mpakani mwa Tanzania, na watu wa huko wengi ni wakulima wa miwa. Jirani zake humwambia: "Nyinyi watu wa pwani mwapata gawio kwa kununua karatasi. Sisi tumeipelekea kampuni miwa tangu zamani za baba zetu, na hatujaona gawio hata siku moja." Naye hakuwa na jawabu la kuwapa.

Tutayajibu yote mawili pamoja, kwani anayelifahamu la jirani huyo atalifahamu la ami.

Wazee wetu wa Lamu, Mombasa na Unguja hawakungoja kufunzwa jambo hili na Mzungu. Jahazi liliporudi safari, watu walikaa kitako wakafanya hesabu. Kwanza zilitolewa gharama: chakula cha mabaharia, ushuru wa bandari, na mengineyo ya njiani. Kilichosalia baada ya hayo ndicho kilichoitwa faida, na hicho kikapasuliwa mafungu. Fungu moja likaenda kwa chombo, yaani kwa mwenye jahazi, na jingine likagawiwa nahodha na mabaharia kila mtu kwa kiasi chake. Mwenye jahazi huenda hakuondoka barazani kwake kwa muda wote wa msimu. Hakupandisha tanga wala hakuteka maji. Hata hivyo hapana aliyesema kwamba fungu lake ni riba, kwa sababu kila mtu alijua ya kuwa jahazi lingezama, lililozama ni lake. Na safari isipoleta faida, yeye hana la kudai.

Kampuni ya hisa ni jahazi hilo hilo lililokatwa vipande vingi. Badala ya kumilikiwa na mtu mmoja au watatu, lamilikiwa na maelfu, na kila kipande ndicho hisa. Kampuni ya Waholanzi ya bahari ya Hindi, iliyoundwa mwaka wa 1602, ni katika za kwanza kufanya biashara kwa namna hii, na wenye hisa wake walikaa miaka mingi wakinung'unika kabla ya kuona chochote. Gawio la kwanza likatoka mwaka wa 1610, nalo kwa sehemu kubwa halikulipwa kwa fedha bali kwa basibasi na pilipili manga. Mtu alitoa fedha zake Amsterdam akapokea viungo vya biriani! Twalitaja hili si kwa mzaha tu, bali kwa kuwa laonyesha asili ya gawio: ni kipande cha kile ambacho biashara imekipata, si ujira wa kukopesha fedha.

Sasa tuje Kenya. Mwaka wa 2008 serikali iliuza robo ya Safaricom kwa watu, hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja, na mtu hakuweza kuomba chini ya hisa 2,000. Walioomba walikuwa wengi kupita hisa zilizokuwako, hata wananchi wa kawaida wakapewa takriban moja katika kila tano walizoziomba na fedha nyingine wakarudishiwa. Hapana shaka mzee wetu naye aliomba kama elfu kumi akapata elfu mbili. Kabla ya mwaka kwisha bei ya hisa sokoni Nairobi ikashuka chini ya zile shilingi 5, na gawio la kwanza likawa senti 5 kwa hisa. Watu wengi walicheka na wengine walilia. Wako waliokopa benki ili wanunue, na deni la benki halikungoja.

Mambo yakageuka kidogo kidogo. Mwaka wa 2009 gawio likawa senti 10, baadaye senti 20, na kwa mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2024 likafika shilingi 1 na senti 20. Mwenye hisa elfu mbili alistahiki shilingi 2,400 mwaka huo. Serikali hukata kodi ya 5 kwa 100 kwa mkazi wa Kenya kabla fedha hazijamfikia, nayo ni shilingi 120, basi mkononi zaingia 2,280. Msomaji asidharau. Mzee alitoa shilingi elfu kumi mara moja tu, na jumla ya magawio tangu 2008 imeipita fedha hiyo, na hisa zenyewe zingali zake.

Gawio halitoki kama maji ya mfereji kwamba mtu afungua tu yakamwagika. Mwaka wa hesabu ukiisha, wakurugenzi hutazama faida iliyopatikana baada ya gharama, riba za mikopo na kodi. Kisha hukata shauri: kiasi gani kibakishwe ndani ya kampuni kwa kujenga na kununua mitambo, na kiasi gani kigawiwe. Hicho cha kugawiwa hupendekezwa kwa wenye hisa katika mkutano mkuu wa mwaka, nao hukikubali au hukikataa. Kwa kanuni za makampuni mengi waweza kukipunguza lakini hawawezi kukizidisha kuliko walivyopendekeza wakurugenzi. Wakisha kukikubali, basi fedha ile huwa deni juu ya shingo ya kampuni. Kabla ya hapo si deni, na hapana mtu awezaye kwenda kortini kulidai gawio ambalo halijatangazwa. Lile la katikati ya mwaka hutangazwa na wakurugenzi wenyewe bila ya kungoja mkutano. Mara nyingine, fedha zikizidi, hutoka gawio la ziada, kama Safaricom ilivyofanya mwaka wa 2019 ilipoongeza senti 62 juu ya gawio la kawaida.

Hutajwa pia siku ya kufunga daftari. Atakayekutwa jina lake limeandikwa katika daftari la wenye hisa siku ile ndiye atakayelipwa, hata akiwa ataziuza hisa zake kesho yake. Na kwa kuwa kuandikishwa huchukua siku kadha za kazi baada ya kununua, anayekwenda kwa dalali siku ya mwisho huwa amechelewa. Wako vijana wetu waliodhani wamepata hila: nunua hisa juma moja kabla ya daftari kufungwa, pokea gawio, kisha uza. Hawakujua ya kwamba bei ya hisa kwa kawaida hushuka daftari likisha fungwa, kiasi cha lile gawio au karibu yake. Waliyoyapata kwa mkono wa kulia yakatoka kwa mkono wa kushoto, na dalali akachukua ujira wake mara mbili.

Malipo yenyewe hufuata wiki kadha baadaye. Zamani ilikuwa hundi ndani ya bahasha, na wazee wengi waliziweka bahasha hizo chini ya godoro mpaka hundi zikafa, kwani gharama ya kuivunja hundi ya shilingi 80 ilikaribia shilingi hizo 80. Siku hizi hupelekwa katika hesabu ya benki au kwa M-Pesa.

Hapa sasa na tumjibu jirani wa Uriri.

Miwa ya Uriri na Awendo kwa miaka mingi imekwenda katika kiwanda cha South Nyanza, maarufu kwa jina la Sony, kilichoanza kusaga Awendo mwaka wa 1979. Kampuni ile karibu hisa zake zote zilikuwa za serikali. Mkulima aliyeipelekea miwa alikuwa muuzaji, na alichostahiki ni bei ya tani zake, chini ya zile gharama alizokopeshwa za mbegu, mbolea, kukata na kubeba. Bei si gawio. Bei ni haki ya mkulima kampuni ikipata faida au ikipata hasara, na gawio ni la mwenye hisa, tena kampuni ikipata faida tu. Hata hiyo bonasi ambayo jirani zao wa milima ya Kisii huipokea kila mwaka kwa majani ya chai si gawio, ingawa wakulima wale ndio wenye hisa wa viwanda vyao. Bonasi yahesabiwa kwa kilo za majani aliyoyapeleka mtu, na gawio lahesabiwa kwa idadi ya hisa. Mwenye hisa nyingi asiyechuma jani hata moja hana bonasi.

Basi jirani yule amekosea jina, lakini hakukosea katika malalamiko. Kwani yako mafungu yanayotangulia fungu la mwenye hisa, na la mkulima limo ndani yake. Fedha ya kampuni hutoka kwa mpango: ujira wa wafanya kazi, bei ya mali ghafi, madeni ya wakopeshaji, kodi ya serikali, na mwisho kabisa mwenye hisa. Yeye ndiye wa kukaa nyuma ya safu. Kampuni ambayo haijawalipa wakulima miwa yao, na huku yatangaza gawio, ni kama mtu agawaye mirathi na maiti bado adaiwa. Sheria ya Makampuni ya Kenya ya mwaka wa 2015 yasema wazi ya kwamba gawio halitolewi ila katika faida iliyopatikana kweli. Si katika rasilmali, wala si katika mkopo uliovikwa nguo ya faida. Na sheria hiyo haikuleta jambo geni kwetu, kwani mwenye jahazi naye hakulipa fungu kwa kuuza tanga.

Yaliyotokea Mumias, upande wa pili wa Nyanza, yatosha kuwa darsa peke yake. Kampuni ile ilianza kufanya sukari mwaka wa 1973, na mwaka wa 2001 serikali iliuza sehemu ya hisa zake kwa watu na zikaingia katika soko la Nairobi. Watu wa pwani nao walinunua, maana nani hakuijua sukari ya Mumias? Katika mwaka wa hesabu wa 2012 ilitangaza faida ya takriban shilingi bilioni 2 na ikatoa gawio la senti 50 kwa hisa. Hisa zake zilikuwa milioni 1,530, basi zilizotoka ni zaidi ya shilingi milioni 760. Mwaka uliofuata ikapata hasara iliyopita shilingi bilioni 1.6, na haikuinuka tena. Hasara ikazaa hasara, wakulima wakakaa na madai yao, wafanya kazi wakakosa mishahara. Mwezi wa Septemba 2019 benki iliyoidai ikaiweka chini ya mrasimu wake, na biashara ya hisa zake sokoni ikasimamishwa, bei ikiwa imeshuka chini ya nusu shilingi. Aliyekuwa na hisa elfu kumi alibaki na karatasi.

Sisi hatusemi kwamba gawio la 2012 ndilo lililoiua Mumias. Sababu zake ni nyingi, na mambo ya uongozi wake yamezungumzwa sana kwingineko. Lakini twasema kwamba mwenye hisa aliyelipokea gawio lile na hakuuliza neno mkutanoni alikuwa amelala. Ripoti ya hesabu huonyesha kampuni yadaiwa nini na nani, na wakulima wadai kiasi gani, na fedha taslimu ni ngapi. Kampuni yaweza kuandika faida kubwa katika vitabu na sanduku likawa tupu. Mtu asiyesoma ila ukurasa wa gawio ni kama anayetazama rangi ya jahazi asitazame kama lavuja.

Hali ya viwanda vya serikali nayo haikuwa njema kwa miaka mingi, na mwezi wa Mei 2025 vinne katika hivyo vilikodishwa kwa makampuni ya watu binafsi kwa miaka 30. Hicho cha Awendo kikapewa kampuni ya Busia Sugar Industry. Miaka iliyotangulia kulikuwa na azimio la kuviuza na kuwawekea wakulima fungu katika hisa zake. Lau jambo lile lingalitimia, jirani wa ndugu yetu angalikuwa na vyote viwili, bei kwa miwa na gawio kwa hisa, na pia angalibeba hasara. Kukodisha ni jambo jingine: mwenye kukodi hulipa kodi kwa mwenye mali, na faida ikabaki kwake. Hayo ndugu yetu na amweleze jirani yake kwa upole, na ampe haki yake kwamba mwenye miwa ambaye hajalipwa ana dai lililo zito kuliko la mwenye hisa yeyote.

Tukirudi kwa ami, twaona kosa lake li wapi. Yeye ameipima riba kwa jasho: palipo na jasho ni halali, pasipo na jasho ni haramu. Kipimo hicho si sawa. Mwenye shamba la mnazi aliyelikodisha hatoi jasho. Mwenye mtaji aliyempa mwenzake akafanye biashara kwa mudharaba hatoi jasho. Kipimo ni hasara. Mkopeshaji wa riba amekwisha jua toka siku ya kwanza atarejeshewa fedha yake na nyongeza iliyotajwa, biashara ifufuke au ife. Mwenye hisa hajui lolote. Waulize wa Mumias. Senti 5 mwaka huu, shilingi moja mwaka ule, na mwaka mwingine si kitu. Na fedha aliyoitoa yaweza kupotea yote. Huyo ni mshirika, si mkopeshaji.

Hata hivyo ami hakutoka patupu, na tusimvunjie heshima yake. Yako mambo mawili ambayo lau angeyataja tungalimuunga mkono.

La kwanza ni hisa za upendeleo. Hizi ni hisa ambazo mwenyewe huwekewa kiasi maalumu kwa mia ya ile thamani iliyoandikwa, naye hulipwa kabla ya wenye hisa wa kawaida. Kampuni ya umeme ya Kenya inazo za namna mbili, za 4 kwa 100 na za 7 kwa 100, kila moja imeandikwa shilingi 20. Mwenye hisa ya 7 kwa 100 hustahiki shilingi 1 na senti 40, si zaidi katika mwaka wa neema. Na katika mwaka wa dhiki, kile alichokosa hulimbikizwa akalipwa baadaye. Jina ni hisa, lakini sura ni ya mkopo, na maulamaa wa zama zetu waliolitazama jambo hili wamelikataza.

La pili ni kubwa zaidi kwa kuwa limo majumbani mwetu: vyama vya akiba na mikopo, yaani Sacco. Kila mwanzo wa mwaka watu husema, "Gawio limetoka," na huku wamelipwa vitu viwili vilivyochanganywa kwa jina moja. Sehemu ni gawio kwa hisa alizonazo mwanachama, na sehemu, ambayo mara nyingi ndiyo kubwa, ni riba juu ya akiba aliyoiweka. Tena chama chenyewe, kama si cha Kiislamu, pato lake lenyewe ni riba ya mikopo. Mtu na aulize apewe hesabu iliyopambanuliwa. Jina la gawio haliigeuzi riba ikawa faida.

Na juu ya makampuni yenyewe, lazima itazamwe biashara ni ya nini. Gawio la kampuni ya pombe halina mjadala. Mzozo uko katika kampuni ambayo kazi yake ni halali, kama simu au saruji au sukari, lakini huweka fedha benki kwa riba au hukopa kwa riba. Majma'a ya Fiqhi ya Kiislamu ya Jeddah ilipokutana mwaka wa 1992 ilisema asili ya jambo hilo ni kukatazwa. Taasisi ya AAOIFI iliyoko Bahrain, inayoweka kanuni za mabenki ya Kiislamu, imeruhusu kwa masharti. Miongoni mwake, mikopo ya riba isifike 30 kwa 100 ya thamani ya kampuni sokoni, na pato la haramu lisipite 5 kwa 100 ya pato lote, na hilo pato la haramu litolewe. Wote wawili ni wanavyuoni, na sisi si makadhi baina yao. Anayetaka usalama wa kauli ya kwanza na auze hisa zake kwa bei ya soko. Anayefuata ya pili na afungue ripoti ya mwaka atazame. Njia nyepesi ni hii: ikiwa katika kila shilingi 100 za pato la kampuni shilingi 2 ni za riba, basi katika gawio la 2,280 atatoa kiasi cha shilingi 46 awape mafakiri, bila ya kutia nia ya sadaka.

Lakini katika kauli zote mbili hatukuiona ya tatu, ile ya ami, kwamba fedha ziachwe huko. Zikiachwa hazirudi kwa mafakiri. Sheria ya mwaka wa 2011 juu ya mali isiyodaiwa yaamuru ya kwamba magawio yaliyokaa miaka iliyowekwa bila ya mwenyewe kujitokeza yapelekwe kwa mamlaka ya serikali iliyoundwa kwa ajili hiyo, na hata hisa zenyewe zaweza kufuata. Alhamdulillahi, warithi hawapotezi haki yao. Waweza kuidai huko kwa hati. Ila kila mwaka unaopita hati hupotea, mashahidi hufa, na simu ya marehemu hupewa mtu mwingine. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na mali hii ina mjane na mtoto wa shule ndani yake, na ami si wakili wa kuwasamehea haki yao kwa niaba yao.

Magawio yaliyokwisha kubaliwa kabla ya mzee kufa yalikuwa deni lake juu ya kampuni, nayo ni katika tarika, yalipe kwanza madeni yake na wasia wake. Yaliyotangazwa baadaye ni zao la mali ya warithi tangu siku ya kifo, kila mtu kwa fungu lake. Tuseme, kwa mfano, baada ya hayo zimepatikana shilingi 16,000, na marehemu ameacha mke, wana watatu wanaume na binti mmoja, na wazazi wake walimtangulia. Mke hupata thumuni, yaani 2,000. Zilizosalia 14,000 hufanywa mafungu saba. Kila mwana mume mafungu mawili, 4,000, na binti fungu moja, 2,000. Hisa zenyewe nazo hugawanywa kwa mpango huo huo, au huuzwa ikagawanywa thamani yake. Binti asiambiwe kwamba mambo ya soko la hisa si ya wanawake. Twalisema kwa kuwa tumelisikia.

Zaka nayo isisahauliwe. Majma'a hiyo hiyo mwaka wa 1988 ilipambanua: mwenye hisa za kuuza na kununua hutoa zaka ya thamani yake yote sokoni kwa robo ya ushuri, yaani mbili na nusu kwa mia. Mwenye kuziweka kwa ajili ya gawio, kama alivyokuwa mzee wetu, hutoa kwa kadiri ya mali ya kampuni ipasikayo zaka. Na asipoweza kuijua, huliunganisha gawio na fedha zake nyingine, akalitolea likitimiza mwaka na nisabu.

Ndugu yetu na aanze hivi. Atafute ile karatasi ya hesabu ya hisa ya mwaka wa 2008, au barua yoyote ya gawio yenye namba ya marehemu. Aende na mamake katika mahakama ya Kadhi wakapate hukumu ya mirathi, na waulize hapo hapo juu ya hati ya usimamizi ambayo msajili wa hisa ataitaka. Wakiwa nayo, pamoja na cheti cha kifo na vitambulisho vya warithi, watamwendea msajili, wamtake aandike majina yao mahali pa jina la marehemu, na aeleze kwa maandishi ni magawio ya miaka ipi yangali kwa kampuni na ni yapi yamepelekwa serikalini. Jawabu hilo la maandishi walitunze. Na kwa kuwa barua yasema sanduku la karatasi za mzee liko nyumbani kwa ami, basi aende kwa ami kwanza, amsomee ukurasa huu, na wafungue sanduku pamoja.